Kupima nyota ya Eta Aquilae kutoka Dar es Salaam: mwongozo kamili wa mradi wa utafiti kwa mwanafunzi wa fizikia

Mwanafunzi wa fizikia anayependa nyota, akifika mwaka wa mwisho, mara nyingi huchagua mradi wa kitu kingine kabisa. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba hana darubini. Jibu hilo halitoshi. Ipo kazi ya kweli ya astronomia inayoweza kufanywa na mtu mwenye macho mazima, daftari, saa iliyosetiwa vizuri na uvumilivu wa miezi miwili, na matokeo yake yakasimama mbele ya jopo la walimu. Mwongozo huu unaielezea kazi hiyo tangu swali la kwanza hadi ripoti.

Kazi yenyewe ni kupima nyota moja ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka, kupata kipindi chake, kisha kukitumia kipindi hicho kujua iko umbali gani. Nyota hiyo ni Eta Aquilae, katika kundinyota la Ukabu. Ni sefeidi, yaani nyota kubwa mno inayotanuka na kusinyaa kwa mpangilio unaojirudia, na mwangaza wake hufuata mwendo huo. Aligundua mabadiliko yake Edward Pigott, huko York nchini Uingereza, Septemba 1784. Mwezi uliofuata rafiki na jirani yake John Goodricke, kijana kiziwi wa miaka 20, akagundua tabia hiyohiyo kwa Delta Cephei. Njia yao ilikuwa kulinganisha nyota na nyota kwa macho, usiku baada ya usiku, na kuandika. Hiyo ndiyo njia utakayoitumia wewe.

Kwa nini sefeidi? Kwa sababu mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt, akichambua sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, alionyesha kwamba kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu ndivyo nyota inavyokuwa na mwanga mwingi zaidi. Ukijua kipindi, unajua nyota inatoa mwanga kiasi gani kwa kweli. Ukilinganisha na unaouona, unapata umbali. Sheria hiyo ndiyo iliyomwezesha Edwin Hubble, katika miaka ya 1920, kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje ya hii yetu.

Anza na swali dogo

Pendekezo la utafiti linaloandikwa "kuchunguza tabia za nyota zinazobadilika" halina mwisho, na msimamizi makini atalirudisha. Andika hivi: "Je, kwa makadirio ya macho yaliyofanyika Dar es Salaam kwa siku 70, kipindi cha Eta Aquilae kinaweza kupatikana kwa usahihi gani, na umbali unaotokana nacho una shaka kiasi gani?" Swali hili linajibika. Lina nyota moja, mahali pamoja na muda unaojulikana. Zaidi ya yote limeuliza kuhusu shaka ya kipimo, na hapo ndipo kazi ya utafiti inapojitenga na zoezi la maabara. Kipindi cha nyota hii kinajulikana tayari, siku 7.177 hivi, kwa hiyo hakuna atakayekusifu kwa kukitaja tu. Utasifiwa kwa kuonyesha ulikipataje, unakiamini kiasi gani, na kwa nini.

Nenda kwa msimamizi na ukurasa mmoja: swali, mbinu, kalenda, na unachohitaji kutoka idarani. Usiende na "nataka kufanya astronomia." Mwalimu ambaye fani yake ni fizikia ya mango au ya mazingira anaweza kuusimamia mradi huu vizuri kabisa, kwa kuwa uzito wake uko kwenye vipimo, takwimu na makosa ya vipimo, mambo anayoyajua yeye kila siku. Mwambie hivyo mapema.

Kalenda: kipupwe ndicho chako

Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Eta Aquilae iko nyuzi 1 tu kaskazini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba inapofika juu kabisa inakuwa nyuzi 82 kutoka upeo, karibu na utosi. Watu wa York walikuwa wakiitazama kwa mshazari, kupitia hewa nene. Wewe unaitazama kupitia tabaka jembamba kuliko yote. Hapo Dar imewazidi.

Majira nayo yanakubali. Masika huisha Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma na mvua ni chache. Mwanzoni mwa Julai nyota hii huchomoza mashariki karibu saa moja na nusu usiku, na ifikapo saa nne iko juu vya kutosha kupimwa. Mwanzoni mwa Oktoba inakuwa karibu na utosi giza linapoingia tu. Kwa hiyo anza kupima wiki ya kwanza ya Julai na umalize katikati ya Septemba. Ukichelewa, Oktoba bado inafaa, lakini vuli inaweza kukuibia usiku mwingi. Mradi unaoanza kufikiriwa Novemba umeshapoteza msimu. Nyota za kuchagua badala yake nimezitaja mwishoni.

Mahali

Wengi hudhani lazima waende mbali. Mbingu ya Kisarawe ni nzuri kuliko ya Sinza, hilo halina ubishi, lakini kipindi cha siku saba hakipatikani kwa safari ya mara moja kwa mwezi. Mahali bora ni pale unapoweza kufika kila usiku bila nauli: paa la hosteli, uwanja wa michezo, ua wa nyumbani Bunju au Kigamboni. Kipimo cha mahali ni kimoja tu. Je, ukiwa hapo, baada ya macho kuzoea giza, unaiona Iota Aquilae, nyota jirani na Eta, yenye magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) 4.4? Ukiiona, panafaa. Usipoiona, sogea hadi uione. Kariakoo na Posta hutaiona.

Ukishachagua, baki hapohapo. Kuhama katikati ya mradi kunabadilisha mwanga wa taa unaokuzunguka, na macho hubadilika pamoja nao.

Mambo ya usalama yasipuuzwe. Waambie walinzi wa eneo kabla ya usiku wa kwanza, na uwe na barua fupi ya idara inayosema unafanya nini. Mtu anayekaa gizani akitazama juu kila usiku lazima aulizwe. Nenda na mwenzako kila inapowezekana. Vaa mikono mirefu na soksi, kwa kuwa mbu wa Dar wana saa zilezile za kazi. Usitumie tochi ya leza kuonyesha nyota: ndege zinazoshuka Uwanja wa Julius Nyerere hupita chini, na mwanga huo unaweza kumpofusha rubani.

Kuitambua nyota

Pakua Stellarium, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, ili bando lisikukwamishe. Weka Dar es Salaam kama mahali ulipo. Kisha pata ramani ya Eta Aquilae kutoka AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa 1911. Ramani zake ni bure. Ichapishe, uitie kwenye mfuko wa plastiki. Utaona namba kama 37 au 44 kando ya nyota: ni magnitudo 3.7 na 4.4, nukta imeachwa makusudi isije ikadhaniwa ni nyota.

Usiku, tazama kaskazini. Altair ni nyota angavu yenye mwenza kila upande, zote tatu karibu katika mstari mmoja: Tarazed ndiye angavu zaidi kati ya hao wawili, na Beta Aquilae ndiye hafifu. Nyota zikiwa juu, panda kutoka Altair kuelekea utosini, pungufu kidogo ya upana wa ngumi uliyoinyoosha mbele. Hapo kuna mstari mwingine wa nyota tatu: Delta upande wa magharibi, Theta upande wa mashariki, na katikati yake Eta. Iota iko jirani. Fanya zoezi hili siku kadhaa kabla ya kuandika kipimo chochote. Mtu anayetafuta nyota yake kwa dakika kumi kila usiku bado hajawa tayari kuipima.

Kukadiria mwangaza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Magnitudo ni kipimo kinachokwenda kinyume: namba ikikua, nyota imefifia. Eta Aquilae huenda kati ya 3.5 hivi ikiwa angavu na 4.4 hivi ikiwa imefifia. Nyota za kulinganishia, ambazo hazibadiliki, ni Theta (3.2), Delta (3.4), Beta (3.7) na Iota (4.4). Tumia namba za ramani yako kama zinatofautiana kidogo na hizi, na usizibadilishe tena hadi mwisho wa mradi.

Kaa gizani nusu saa nzima kwanza. Simu isiwashwe. Kama mwanga ni lazima, tumia tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Kisha tafuta nyota mbili zinazoizingira Eta kwa mwangaza: moja angavu kidogo kuliko yenyewe, nyingine hafifu kidogo. Tuseme ni Beta na Iota. Gawa tofauti yao katika sehemu kumi akilini, ujiulize Eta iko sehemu ya ngapi kutoka Beta. Ukiona ni sehemu ya tatu, basi magnitudo ni 3.7 jumlisha 0.3 mara 0.7, ambayo ni 3.9. Hesabu hiyo ifanye kesho yake. Usiku andika tu "Beta 3, Eta, 7 Iota." Ukianza kukokotoa papo hapo, akili huanza kuitafuta namba inayoitaka badala ya kutazama.

Macho yana hila zake, na kila moja ina dawa. Nyota iliyo chini kwa mpangilio wa uso wako inaweza kuonekana tofauti na iliyo juu ingawa zinalingana, kwa hiyo inamisha kichwa hadi mstari wa macho yako uwe sambamba na mstari wa nyota mbili unazolinganisha. Ukiikodolea nyota muda mrefu, hasa yenye wekundu, itaonekana kuongezeka mwanga. Itupie jicho kwa muda mfupi, hamia nyingine, rudi. Usilinganishe nyota iliyo utosini na iliyo karibu na upeo, kwa kuwa hewa ya chini humeza mwanga zaidi. Hapo Eta imekupendelea, maana nyota zake za kulinganishia ziko jirani.

Hila kubwa kuliko zote ni kumbukumbu. Ukijua kwamba jana ilikuwa 3.8 na inatakiwa kufifia, leo utaiona 3.9 hata kama sivyo. Kwa hiyo kila usiku andika kwenye ukurasa mpya, na usifungue wa jana. Kama mnafanya wawili, kila mmoja aandike kabla ya kusema. Tofauti zenu mtakuja kuzihitaji: wastani wa tofauti hizo ndio ushahidi wenu wa kwanza kuhusu shaka ya kipimo kimoja. Mtu aliyejizoeza hupata usahihi wa magnitudo 0.1 hadi 0.2. Nyota hii hupanda na kushuka kwa 0.9. Nafasi ipo.

Andika pia hali ya anga, mwezi ulipo, umeme kama ulikuwa umekatika mtaani (giza hilo lina faida, lakini linabadilisha mazingira), na uchovu wako. Usiku wa mawingu andika "mawingu." Ukurasa mtupu hausemi kama hukuweza au hukwenda.

Muda

Makadirio mazuri yenye muda mbaya hayana thamani, na kwetu kuna mitego miwili. Wa kwanza ni saa yetu ya Kiswahili. Andika kwa saa 24, bila kuchanganya: saa tatu usiku ni 21:00, saa saba usiku ni 01:00, na hiyo ya pili tayari ni tarehe ya kesho kwenye kalenda ya kimataifa hata kama wewe bado unaiita usiku wa leo. Wa pili ni kwamba vipimo vya nyota huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), ambayo iko saa 3 nyuma ya Afrika Mashariki.

Wanaastronomia hutumia hesabu ya siku ya Julian, yaani siku zilizohesabiwa mfululizo bila miezi wala miaka. Siku hiyo huanza adhuhuri kwa saa ya dunia, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo usiku wetu mzima, tangu magharibi hadi alfajiri, unabaki ndani ya namba moja. Mfano: tarehe 15 Julai 2026, saa tatu usiku, ni 2461237.25. Kwenye Excel, andika tarehe na saa ya Tanzania katika seli moja, kisha ujumlishe 2415018.375 na uionyeshe kama namba ya kawaida yenye desimali. Jaribu na mfano huo. Usipopata namba hiyohiyo, kuna kitu umekosea kwenye seli.

Mtego wa wiki

Kipindi cha nyota hii ni siku 7.18, na wiki ni siku 7. Tazama kinachotokea kwa mwanafunzi anayepima Jumamosi tu kwa sababu siku nyingine ana vipindi na majaribio. Kila Jumamosi anaikuta nyota karibu palepale ilipokuwa Jumamosi iliyopita, tofauti ya saa 4 na robo tu katika mzunguko wote. Baada ya miezi miwili anaweza kuandika ripoti kwamba nyota karibu haibadiliki, na daftari lake likamuunga mkono! Zingelazimika kupita takribani wiki 40 kabla Jumamosi zake hazijapita mzunguko mzima.

Pima kila usiku unaoweza, siku za wiki zote. Ukipata usiku 35 kati ya 70, uko vizuri. Kuanzia Agosti, nyota inapokuwa juu mapema, mara chache pima mara mbili katika usiku mmoja, saa mbili na saa sita. Sababu itaonekana sasa hivi.

Kutafuta kipindi

Sasa una safu mbili: siku ya Julian na magnitudo. Kwanza chora grafu ya kawaida, magnitudo ndogo ikiwa juu. Itaonekana vurugu, labda na mawimbi kidogo. Ni kawaida.

Chagua kipindi cha kujaribia, tuseme siku 7. Kwa kila kipimo, toa siku ya kwanza ya kupima, gawa kwa 7, uchukue desimali peke yake. Hiyo ndiyo awamu: inakuambia nyota ilikuwa wapi katika mzunguko wake, kati ya 0 na 1. Panga vipimo kwa awamu, kisha jumlisha tofauti za magnitudo kati ya kila kipimo na kinachofuata, bila kujali chanya au hasi. Kipindi kikiwa si chenyewe, vipimo vya mwangaza tofauti huangukiana na jumla inakuwa kubwa. Kikiwa chenyewe, vinapangika kwenye mkunjo mmoja na jumla inashuka. Rudia kuanzia siku 6 hadi 8 kwa hatua za 0.01, na uchore jumla dhidi ya kipindi. Bonde la chini kabisa ndilo jibu lako. Excel inaweza, Python inafanya haraka zaidi, na anayejifunza Python kwa kazi hii ataitumia maisha yake yote ya utafiti.

Usifiche kwamba ulijua jibu. Fanya pia upekuzi mpana, siku 0.5 hadi 20, na utaona mabonde ya uongo karibu na siku 0.88 na 1.16. Yanatokea kwa sababu unapima mara moja kila baada ya saa 24, na mpigo huo wa siku unachanganyika na wa nyota. Hapa ndipo vile vipimo viwili vya usiku mmoja vinapokuokoa: kama kipindi kingekuwa siku 0.88, kati ya saa mbili na saa sita nyota ingepita karibu moja ya tano ya mzunguko. Ukiona karibu haikubadilika, mabonde hayo umeyaondoa kwa ushahidi wako mwenyewe. Aya hiyo iandike kwa kirefu katika ripoti. Inaonyesha unaelewa unachokifanya kuliko kurasa kumi za nadharia.

Mkunjo uliokunjwa vizuri utaonyesha mwangaza ukipanda kwa haraka, kisha ukishuka taratibu, na pengine kinundu kidogo njiani kwenye kushuka. Kinundu hicho ni cha kweli kwa sefeidi za kipindi hiki, ila kwa macho huenda kisijitokeze. Usikichore kama hukukiona.

Shaka ya kipindi ipate hivi. Kadiria ni kwa usahihi gani unajua siku ya mwangaza wa juu mwanzoni mwa mradi na mwishoni. Tuseme robo siku kila upande. Unganisha makosa mawili kwa mzizi wa jumla ya miraba, upate 0.35, kisha gawa kwa idadi ya mizunguko iliyopita katikati. Kwa siku 70 ni kama mizunguko 9, kwa hiyo shaka ni siku 0.04 hivi. Kisha hakikisha kwa njia nyingine: ondoa kwa nasibu sehemu ya kumi ya vipimo, tafuta kipindi upya, rudia mara nyingi, uangalie kinavyoyumba. Njia mbili zikikubaliana, una haki ya kuiamini namba yako.

Kipimo kinacholala mbali na vingine usikifute. Kiweke alama, soma ulichoandika usiku ule, na ukiache kwenye grafu. Kukiondoa kunahitaji sababu iliyoandikwa kabla hujaona kinavyoharibu mkunjo, kwa mfano "mawingu mepesi juu ya Ukabu."

Kutoka kipindi hadi umbali

Uhusiano mmoja unaotumika, uliopatikana kwa kupima sefeidi za karibu kwa darubini ya angani ya Hubble na kuchapishwa 2007, ni huu: magnitudo halisi (ile ambayo nyota ingekuwa nayo ikiwa umbali wa paseki 10; paseki moja ni miaka nuru 3.26) ni −2.43 mara [(logi ya kipindi, msingi wa 10) toa 1], kisha toa 4.05. Kwa siku 7.18 unapata −3.70. Wastani wa mwangaza unaouona ni karibu 3.9; upate kwa kuchukua wastani wa mkunjo wako awamu kwa awamu, si wastani wa daftari zima, maana usiku mwingi unaweza kuwa umeangukia upande mmoja. Tofauti ni 7.6. Umbali katika paseki ni 10 kwa kipeo cha [(7.6 jumlisha 5) gawa kwa 5]: karibu paseki 330, sawa na miaka nuru 1,080.

Namba hiyo si sahihi, na kujua kwa nini ndilo somo kubwa la mradi huu. Kati yetu na Eta Aquilae kuna vumbi linalomeza mwanga, na nyota huonekana mbali kuliko ilivyo. Kwa nyota hii vumbi humeza kama magnitudo 0.4. Ukiitoa, tofauti inakuwa 7.2 na umbali unashuka hadi paseki 275, miaka nuru 900 hivi.

Pima uzito wa kila kosa. Shaka ya siku 0.04 kwenye kipindi inabadilisha umbali kwa chini ya asilimia 1. Kosa la magnitudo 0.1 kwenye wastani wako linaubadilisha kwa karibu asilimia 5. Sefeidi zenye kipindi kimoja hutofautiana zenyewe kwa zenyewe kama magnitudo 0.2, ambayo ni asilimia 10 hivi. Vumbi lisiposahihishwa linakupeleka mbali kwa asilimia 20. Yaani ule upekuzi wote wa kipindi ndio sehemu yenye shaka ndogo kuliko zote. Weka hesabu hizi kwenye jedwali moja, uliite jedwali la makosa. Jopo likifika hapo, maswali magumu yatakuwa yamejibiwa.

Kama una kamera

Wapiga picha wa harusi wana kamera bora kuliko maabara nyingi, na wengi hawana kazi Jumatatu usiku. Kamera yenye lenzi ya 50 mm, juu ya stendi, ikihifadhi picha ghafi zisizobanwa, hupata usahihi wa magnitudo 0.03 au bora zaidi. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokimbia zaidi kwenye picha, kwa hiyo usizidishe sekunde 5 kwa picha moja. Piga kumi uchukue wastani. Haribu fokasi kidogo ili nyota isambae kwenye pikseli nyingi. Tumia rangi ya kijani tu, kwa kuwa iko karibu na kichujio cha kawaida cha wanaastronomia, na upime kwa AstroImageJ, programu ya bure. Hata hivyo usiache makadirio ya macho. Kulinganisha njia mbili kwa usiku uleule ni matokeo yanayojitegemea.

Ripoti na jopo

Makala za awali utazipata bure mtandaoni, kwenye hazina za makala za kisayansi za ADS na arXiv. Soma chache zilizo karibu na swali lako, uzisome kweli. Ripoti itaandikwa kwa Kiingereza cha chuo. Kabla ya kuandika kila sura, mweleze mwenzako asiyesoma fizikia ulichofanya, kwa Kiswahili, hadi akuulize maswali. Pale utakapokwama kumweleza ndipo sura hiyo haijakomaa.

Jopo litakuuliza kwa nini usingechukua vipimo vya setilaiti vilivyokwisha kuwekwa wazi. Jibu kwa utulivu. Darubini kubwa nyingi huzidiwa na nyota angavu kama hii, kwa hiyo vipimo vya watazamaji wa kawaida bado vinahitajika. Pia vipindi vya sefeidi nyingi hubadilika kidogokidogo nyota inavyozeeka, na mabadiliko hayo huonekana tu kwa kuunganisha vipimo vya miaka mingi, vikiwamo vya leo. Kwa Eta Aquilae mnyororo huo umeanza 1784.

Ambatisha daftari lote, lenye mawingu na makosa yake, kama kiambatisho. Kisha jisajili AAVSO bila malipo, upewe namba ya mtazamaji, na utume makadirio yako yote kwenye hazina yao ya kimataifa, kila moja likiwa na siku ya Julian na nyota za kulinganishia ulizotumia. Yatabaki hapo kwa yeyote atakayeyahitaji.

Ukikosa msimu, au ukitaka kuendelea

Kwa Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua imepungua, chukua Beta Doradus, sefeidi ya kipindi cha siku 9.84, upande wa kusini, inayofika nyuzi 34 juu ya upeo. Haina mtego wa wiki. Kuanzia Februari hadi Mei ipo l Carinae, yenye kipindi cha siku 35.5, masika yatakukatiza, lakini mzunguko mrefu kiasi hicho husamehe mapengo ya siku mbili tatu. Zote mbili ni za anga ya kusini, na mtu aliyeko York hawezi kuziona kabisa.

Na kwa anayependa kompyuta kuliko kukesha: mwaka 2019, katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake jina la Tanzanite. Sayari hiyo hupita mbele ya nyota yake kila baada ya siku 2.9 na kuupunguza mwanga kwa chini ya asilimia 1. Kwa macho haionekani, lakini mbinu ya kukunja vipimo kwa kipindi ni hiihii uliyojifunza hapa, na anayeweza kuitumia kwa Eta Aquilae ataiweza kwa Tanzanite.